Viti vya miaka 11: jibu kwa dada aliyesikia kwamba jukwaa linapangwa upya

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Dar es Salaam, naishi Marekani na mume wangu kwenye mji wenye chuo kikuu kikubwa. Mpira wa kikapu wa vyuo nilianza kuupenda enzi za Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, pale UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa miaka 11 sasa tumekuwa na viti viwili vya tiketi za msimu, jukwaa la chini, safu ya 14, kwenye kona. Viti viko kwa jina la mzee jirani yetu. Yeye ana vinne, akatugawia viwili, na kila mwaka tunamrudishia hela yake. Mwezi huu chuo kimemletea barua: jukwaa lote la chini linapangwa upya kwa pointi, mchango wa kila kiti unapanda kutoka dola 250 hadi 900, na tiketi kutoka dola 45 hadi 52 kwa mechi, mechi 17. Barua inasema lengo ni "kuboresha hali ya shabiki". Mzee anasema amechoka, huenda akaachana nazo. Je, wana haki ya kutuondoa? Na sisi tulipe au tuache?

JIBU: Marahaba dada yangu. Miaka 9 nilifanya kazi kwenye ofisi ya tiketi ya chuo kimoja huko Marekani, na nimewahi kukaa mezani barua kama hiyo ikiandikwa. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa simu, na nitaanza na lile litakalokuuma.

Ndiyo, wana haki. Anayenunua tiketi ya msimu ananunua ruhusa ya kukaa mahali fulani kwa msimu mmoja, basi. Yale masharti yenye maandishi madogo, ambayo wote tunabonyeza kuyakubali bila kuyasoma, husema chuo kinaweza kukuhamisha, kupandisha bei, hata kukataa kukuuzia tena. Miaka 11 imewapa majirani wa safu ya 13 na ya 15, imeyazoesha macho yenu kuutazama uwanja kutoka kona ile, ila umiliki haikuwapa. Kitu pekee chenye thamani kinachovuka kutoka msimu mmoja kwenda mwingine ni nafasi kwenye foleni ya kuchagua viti, na foleni hiyo hupangwa kwa pointi. Na hapo, dada, ndipo penye jambo ambalo barua haikuligusa na ambalo kwangu ni zito kuliko hizo dola 900: foleni mliyokuwa mnailipia miaka yote hiyo ni ya mzee.

Nitarudi kwa mzee. Tuanze na hesabu, kwa sababu barua hizi huitawanya hesabu: bei ya tiketi utaikuta juu kabisa, mchango, yaani hela ya kupewa haki ya kununua kiti hicho, ukurasa wa pili, maegesho ya gari kwenye karatasi nyingine. Ikusanye yote, kiti kimoja, mechi moja. Msimu uliopita, dola 45 mara mechi 17 ni 765, ongeza mchango 250, inafika 1,015. Gawa kwa 17, unapata karibu dola 60 kwa mechi. Msimu ujao, dola 52 mara 17 ni 884, ongeza 900, inafika 1,784, yaani karibu dola 105 kwa mechi. Kwa viti viwili mnatoka dola 2,030 kwenda 3,568. Tiketi yenyewe imepanda kama asilimia 16, lakini mzigo wote mabegani mwenu umepanda asilimia 76.

Halafu wewe ni muuguzi, una zamu. Chukua kalenda ya msimu uliopita, hesabu kwa uaminifu mechi ambazo wewe mwenyewe ulikaa kitini. Wauguzi niliowahudumia walikuwa wanafika kwenye 10 au 11 kati ya 17. Kama ni 10, kila jioni uliyohudhuria itakugharimu dola 178 kabla hujanunua hata maji. Angalia pia ni mechi zipi. Novemba na Desemba timu kubwa huwaalika nyumbani wapinzani wadogo ambao hulipwa ili waje, na wengi wao hufungwa kwa tofauti ya pointi 30. Tiketi za jioni hizo hupatikana mkononi kwa bei ya chakula cha mchana. Mechi ambazo watu wanazigombania kweli, za mahasimu na za vigogo wa ligi, hazizidi 4 au 5 kwa msimu. Ofisi inafunga zote kwenye kifurushi kimoja kwa sababu zile 5 ndizo zinazozivuta zile nyingine.

Hizo 5 nazo siku hizi zinahamahama. Mwaka 2024 ligi kubwa za vyuo zilipanuka mno: Big Ten ikafika vyuo 18 baada ya kuwachukua UCLA, USC, Oregon na Washington kutoka pwani ya magharibi, ACC nayo ikafika 18, SEC na Big 12 zikawa na 16 kila moja. Ligi ikiwa na timu 18, si kila hasimu wako atakuja nyumbani kila msimu. Kabla hujalipa senti, uliza ratiba ya nyumbani ikoje. Kama yule mnayemsubiri mwaka mzima hayumo, hiyo tu inaweza kukuamulia.

Jambo moja la kodi, kwa maana neno "mchango" huwapotosha wengi. Tangu 1988 sheria ya Marekani ilimruhusu mtu kukata kwenye kodi asilimia 80 ya mchango uliompa haki ya kununua tiketi za michezo ya chuo. Sheria ya kodi iliyotiwa saini Desemba 2017 ikaifuta nafuu hiyo kuanzia 2018. Nakumbuka wiki za mwisho za mwaka ule. Simu zilikuwa haziwekwi chini, watu wakilipa michango ya miaka ya mbele kabla mlango haujafungwa. Siku hizi dola 900 zinazokupa haki ya kiti hazipunguzi kodi yako hata kidogo, hata kama risiti imeandikwa shukrani nzuri namna gani. Ichukulie ni sehemu ya bei.

Sasa kwa nini yamekuja yote kwa pamoja, na kwa nini sasa. Juni 6, 2025 jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho aliidhinisha maridhiano ya kesi ya Grant House, mwogeleaji wa chuo, dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Kuanzia Julai 1 mwaka huo vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ukomo ukiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na ukomo huo unapanda kadiri miaka inavyokwenda. Fidia ya wachezaji wa zamani, karibu dola bilioni 2.8, italipwa ndani ya miaka 10. Milioni 20 hazikuwepo kwenye bajeti ya idara yoyote ya michezo. Lazima zitoke mahali, na mahali pa karibu ni wewe.

Naomba usiwachukie wachezaji kwa hilo. Thabeet wako alicheza UConn kuanzia 2006 hadi 2009, akawafikisha nusu fainali ya taifa mwaka ule wa mwisho, kisha akachaguliwa wa pili kwenye usajili wa NBA. Watu walikuwa wanajaza viti kuona ule mkono mrefu wa kijana wa Dar ukipangua mipira juu ya goli, na sheria za wakati ule zilimruhusu kupata udhamini wa masomo, mshahara hapana. Kwamba mwenzake wa leo anapata fungu lake, mimi naliona ni haki iliyochelewa. Ninachokidai kwa vyuo ni kusema ukweli. Chuo Kikuu cha Tennessee kilitangaza Septemba 2024 kwamba tiketi zake za futiboli ya Kimarekani za mwaka uliofuata zitaongezewa asilimia 10, kikaiita waziwazi ada ya vipaji. Bei ilipanda, lakini mlipaji alijua analipia nini. Barua ya mzee wenu, kwa jinsi ulivyonieleza, imezungumzia "kuboresha hali ya shabiki", na shabiki mwenyewe anasogezwa kona ya mbali zaidi. Hiyo inaniudhi, na nakwambia hivyo nikiwa nimewahi kuandika maneno ya aina hiyo.

Sababu ya pili ni kwamba viti vizuri vinapungua. Kumbi za zamani zilijengwa kuingiza watu wengi, za sasa zinajengwa au kukarabatiwa kuingiza watu wachache wanaolipa zaidi. Rupp Arena ya Lexington, Kentucky, mji wenye jamii kubwa ya Wakongomani wenzetu wa Kiswahili, ilifunguliwa 1976 na ilikuwa inapokea zaidi ya watu 23,000. Mabenchi ya juu yalipobadilishwa kuwa viti vya mtu mmoja mmoja vyenye mgongo, ikashuka hadi kama 20,500. Pale Austin, Texas, ukumbi wa Frank Erwin wa mwaka 1977 uliokuwa unabeba zaidi ya 16,000 ulipisha Moody Center mwaka 2022, na huo kwa mechi za kikapu unabeba elfu kumi na kidogo. Watu ni walewale, viti vimepungua kwa theluthi nzima.

Na kona yenu hasa ina mwenyewe anayeivizia. Kila idara ya michezo huota picha ya Cameron ya pale Chuo Kikuu cha Duke, ukumbi wa 1940 wenye viti 9,314 tu, ambako wanafunzi husimama mechi nzima hatua chache kutoka kwenye mstari, wakiwa wamelala kwenye mahema siku kadhaa ili waingie. Kamera zinaipenda picha hiyo, na vijana wanaosakwa na makocha wanaipenda pia. Kwa hiyo jukwaa la chini likipangwa upya, upande wa kati huenda kwa wafadhili wakubwa na viti vyenye meza, nyuma ya magoli na kwenye kona huenda kwa wanafunzi. Safu ya 14 ya kona iko katikati ya hesabu hizo mbili. Muulizeni mtu wa ofisi swali la moja kwa moja: je, sehemu yetu itabaki ya wenye tiketi za msimu, au inapewa wanafunzi? Kama inapewa wanafunzi, hata pointi elfu hazitawarudisha pale.

Pointi zenyewe hupatikanaje? Kila chuo kina kanuni yake, ila nyingi zinafanana: pointi 1 kwa kila dola 100 ulizochangia tangu uanze, nyongeza kwa mchango wa mwaka huu, pointi chache kwa kila mwaka wa kununua mfululizo, nyingine kidogo kama ulisoma hapo. Tuseme mzee wenu alikuwa anatoa dola 1,000 kwa viti vinne kila mwaka. Hizo ni pointi 10 kwa mwaka, 300 kwa miaka 30, ukiacha nyongeza. Anakuja mwenye kampuni ya mabomba, hajawahi kukanyaga ukumbini, anaandika hundi ya dola 50,000 asubuhi moja, anapata pointi 500. Amempita mzee aliyechangia miaka 30 kabla ya chakula cha mchana. Nimeiona mara nyingi, na sikuwahi kuizoea. Kuna vyuo vinavyopima uaminifu kwa uzito unaostahili, vikatoa pointi nyingi kwa miaka ya kununua mfululizo, au vikawaacha wa zamani walipo kwa misimu kadhaa huku mchango ukipanda kidogo kidogo. Hivyo ndivyo ningetaka vyuo vyote vifanye. Soma kanuni ya chuo chenu mstari kwa mstari uone kimeelemea wapi.

Haya, mzee. Tukichukua mchango wa dola 250 kwa kiti miaka yote, ninyi mmetoa dola 500 kwa mwaka, yaani 5,500 kwa miaka 11. Pointi 55 za jasho lako na za zamu zako za usiku ziko kwenye jina lake, na miaka 11 ya kununua mfululizo nayo iko kwenye jina lake. Ofisini, wewe haupo. Hata simu yako wakiipokea watakuuliza nambari ya akaunti, na akaunti ni yake. Akisema "nimeacha", vile viti vinne vinarudi chuoni siku hiyohiyo. Vyuo vingi humruhusu mjane au mgane kurithi akaunti ya mwenzake, baadhi huruhusu mtoto kwa masharti, lakini jirani, hata jirani aliye kama ndugu, karibu hakuna.

Hii namna ya kukaa kwa mgongo wa mtu ni ya kawaida mno. Nilipokuwa kazini, safu nzima zilikuwa za mtu mmoja kwa karatasi, na ukienda kuangalia unakuta familia nne. Hakuna ubaya ndani yake. Inaumiza siku mwenye jina anapofariki au anapochoka, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa napokea simu. Kwa hiyo mkalishe mzee, mwambie hivi: asiache mwaka huu. Kama hawezi vinne, avipunguze viwe viwili au vitatu, ninyi mlipe sehemu yenu na hata kidogo cha kwake, mradi akaunti iwe hai wakati wa kuchagua viti. Na muulizeni ofisini kama inawezekana jina lako liongezwe kwenye akaunti yake wakati bado yuko hai na ana nguvu za kusaini. Vyuo vichache hukubali, vingi hukataa, ila swali halina ada.

Mwombe pia mzee apekue kabati lake la karatasi. Wapo watu wa umri wake waliochangia ujenzi wa ukumbi wakapewa mkataba wa viti kwa miaka kadhaa. Mfano unaojulikana kuliko yote ni ukumbi wa Dean Smith Center pale Chapel Hill, North Carolina, uliofunguliwa Januari 1986 wenye viti zaidi ya 21,000: ulijengwa kwa pesa za wafadhili, na wafadhili wakapewa haki ya viti vizuri vya chini. Tangu hapo kelele haziishi kuhusu wanafunzi waliosukumwa mbali na uwanja, lakini maandishi ni maandishi. Kama mzee ana karatasi ya namna hiyo, barua ya mwezi huu inaweza isimhusu kabisa. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kulijibu swali lako la haki kwa "hapana".

Wakati huohuo, wiki hii, fungua akaunti kwa jina lako na la mume wako, mweke mchango mdogo kabisa unaokubalika, hata dola 100. Foleni yako ianze kuhesabiwa. Ila jihadhari na mtego mmoja. Ofisi itawaambia mnaweza kuunganisha akaunti mbili mchague viti pamoja, nanyi mtafurahi. Vyuo vingi vikiunganisha akaunti hufuata ile yenye pointi chache, vingine huchukua wastani. Ukijiunga na mzee ukiwa na pointi 1, unamshusha hadi mkiani pamoja nawe. Mwaka huu viti vyote vichaguliwe ndani ya akaunti yake peke yake, yako ikae pembeni ikikua.

Sasa kiti gani? Hapa nina ushauri ambao watu huupokea kwa shingo upande. Msililie jukwaa la chini. Kona ya chini, nguzo ya goli la karibu inakuziba macho, na mchezo wa upande wa pili unauona kama mlundikano wa migongo. Safu tatu za kwanza za jukwaa la juu, katikati kabisa ya uwanja, unaona kila kitu: unaona mlinzi anavyovutwa nje, unaona nafasi inafunguka chini ya goli kabla pasi haijatoka. Makocha wasaidizi waliokuja kupeleleza wapinzani walikuwa wananiomba viti vya huko. Na mchango wa huko, kwenye vyuo vingi, ni sehemu ndogo ya ule wa chini au haupo. Pointi za mzee, ambazo huenda hazitoshi kuwabakiza chini, zinaweza kuwapa viti bora kuliko vyote vya juu.

Lakini nendeni mkavione kwa miguu. Vyuo vingi hufungua ukumbi siku moja au mbili kabla ya uchaguzi, viti vilivyo wazi vikiwa vimefungwa karatasi za rangi. Ramani ya kompyuta haikuonyeshi ngazi. Mwaka wa pili kazini tulipanga jukwaa upya, na mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na viti tangu kabla sijazaliwa, akanipigia. Nilijiandaa kwa matusi, maana siku ile nilikuwa nimeshatukanwa tangu saa mbili asubuhi. Hakulalamika bei. Aliniuliza swali moja: kutoka mlangoni hadi kiti kipya tulichompangia ni vidato vingapi, na vina mahali pa kushika? Sikujua. Hakuna hata mmoja wetu ofisini aliyejua, sisi tuliompangia. Jioni baada ya kazi nikaingia ukumbini taa zikiwa nusu, nikapanda nikihesabu: 34, na kishikio kinaishia kidato cha 20. Kesho yake nikampigia, tukatafuta pamoja, tukapata viti viwili pembeni mwa njia, sehemu nyingine, vidato 6. Vilikuwa mbali zaidi na uwanja na bei rahisi zaidi. Alikuja misimu yote iliyobaki ya kazi yangu pale, na kila nikipita alinipungia programu ya mechi.

Kwa hiyo hesabuni vidato, hasa kwa ajili ya mzee. Kama magoti yake yamechoka, na nadhani sehemu ya kuchoka kwake iko magotini, sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inaitaka ofisi imuuzie kiti anachoweza kukifikia, pamoja na wenzake wa kukaa naye. Aseme mapema, kabla ya siku ya kuchagua. Siku yenyewe hupewi muda mwingi. Ofisi nyingi huweka dakika 15 au 20 kwa kila akaunti, nukta za viti zinageuka kijivu mbele ya macho yako. Andikeni kwenye karatasi chaguo tatu, sehemu na safu, na mmoja wenu akae na mzee mbele ya kompyuta.

Kama baada ya yote hayo hela haitoshi, kuacha si aibu, na kikapu hakitawakimbia. Mnaweza kununua mechi 6 mnazozitaka, moja moja. Nunueni kupitia soko linalohamishia tiketi kwenye akaunti yako ya simu kabla hujatoka nyumbani, na mtu akikutumia picha ya tiketi kwa WhatsApp akataka hela, mkatalie, kwa kuwa milango mingi sasa husoma msimbo unaobadilika na picha haifunguki. Subirini hadi siku ya mechi kwa zile ndogo, kwa sababu walanguzi na wenye viti wasiokwenda hushusha bei kadiri saa zinavyosogea. Kwa mahasimu msisubiri.

Na kuna mlango mwingine ambao mimi ningeupita kwa furaha: timu ya wanawake. Viti vya chini, katikati, kwa sehemu ndogo ya bei ya wanaume, kwenye vyuo vingi bado vipo. Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa hivyo. Kisha akaja mchezaji Caitlin Clark, na kwa msimu wa 2023–24 tiketi za msimu za wanawake zikaisha zote kwa mara ya kwanza katika historia yao, ukumbi wa watu karibu 15,000. Oktoba 2023 wakacheza nje, kwenye uwanja wa futiboli, wakaingia watu 55,646. Waliokuwa na viti kabla ya Clark hawakupigana na mtu. Walikuwa tayari kwenye foleni. Kama mmefungua hiyo akaunti yenu mpya, viti viwili vya wanawake ndiyo njia rahisi ninayoijua ya kuijengea pointi na miaka mfululizo, na utaona kikapu safi, cha pasi, kinachomfaa mtu anayependa mchezo.

Unataka nikuchagulie? Msilipe dola 900 kwa kona. Kwa akaunti ya mzee chukueni vitatu vya juu, katikati, safu ya kwanza hadi ya tatu, karibu na njia: kimoja chake, viwili vyenu. Kwa akaunti yenu chukueni viwili vya wanawake. Ombeni kulipa kwa awamu. Ofisi nyingi zina mpango wa miezi 6 au zaidi ambao haujaandikwa kwenye barua na unatolewa kwa anayeuliza. Na kabla hujapiga simu ofisini, gonga mlango wa mzee. Usimpelekee hesabu kwanza. Muulize magoti yanaendeleaje, na kama angependa uende naye ukumbini siku ya kuona viti, mkahesabu vidato wote watatu.